Wimbo Nilioelewa Neno Moja: Somo kutoka kwa Azam Khan wa Dhaka

Mara ya kwanza kuusikia wimbo huu nilielewa neno moja tu: Bangladesh. Ilikuwa usiku wa manane, mwenzangu wa chumba kashalala, mimi nimeweka spika za masikioni na kujifanya napiga msuli. Mwimbaji mwenye sauti ya kukwaruza alikuwa analirudia jina la nchi yake, na kila akilirudia gitaa linapanda. Nikajiambia, hapa nimepata: wimbo wa uzalendo, wa aina ile inayopigwa redioni kila sikukuu ya taifa ikifika.

Kesho yake nilikuwa na zamu ya kuwasilisha kwenye semina. Mada yetu ilikuwa muziki na harakati za ukombozi, na mimi nilikuwa nimemchagua Azam Khan, mwanamuziki wa roki wa Bangladesh aliyepigana vita vya uhuru mwaka 1971. Nikasimama kifua mbele: mpiganaji, mshindi, akarudi nyumbani akaisifu nchi yake kwa gitaa. Mwalimu akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Tafsiri ya maneno umeisoma?" Sikuwa nimeisoma. Wenzangu wakacheka, nami nikakaa chini.

Makala haya ni marejesho ya aibu ile. Nilikwenda kutafuta tafsiri, halafu historia, nikakuta kwamba wimbo niliouita wa sifa ni kilio. Mama anayeishi kwenye mabanda ya kando ya reli amefiwa na mwanawe, na jina la nchi linalorudiwa ni namna ya kulia. Aliyeuimba ni mtu ambaye miaka michache tu kabla alikuwa tayari kuifia nchi hiyohiyo. Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoona nina jambo la kujifunza, na pengine wewe pia.

Nchi iliyoanza na ugomvi wa lugha

Huwezi kumwelewa Azam Khan bila kuelewa alikozaliwa. India ilipogawanywa mwaka 1947, Pakistan ilizaliwa ikiwa vipande viwili vilivyotenganishwa na takriban kilomita 1,600 za ardhi ya India. Zaidi ya nusu ya raia wake wote walikuwa wa upande wa mashariki, na lugha yao ilikuwa Kibengali. Hata hivyo, madaraka, jeshi na fedha vilikaa upande wa magharibi. Machi 1948, kiongozi wa taifa, Muhammad Ali Jinnah, alifika Dhaka akatangaza kwamba lugha ya taifa itakuwa Kiurdu, hakuna nyingine. Aliporudia kauli hiyo kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Dhaka, wanafunzi walipaza sauti ukumbini: hapana.

Hapana ile iliendelea kukua. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi wa Dhaka waliandamana huku mikusanyiko imepigwa marufuku, na polisi wakafyatua risasi. Miongoni mwa waliouawa alikuwemo Abul Barkat, mwanafunzi wa chuo kikuu kama mimi na wewe. Mwaka 1956 katiba ya Pakistan ilikitambua Kibengali kuwa moja ya lugha za taifa, na mwaka 1999 UNESCO ikaifanya 21 Februari kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. Siku ile tunayoiadhimisha kwa mabango na hotuba ilinunuliwa kwa damu ya wanafunzi.

Barkat alizikwa Azimpur, mtaa wa Dhaka. Katika mtaa huohuo, tarehe 28 Februari 1950, alizaliwa Mohammad Mahbubul Haque Khan, ambaye ulimwengu ungemfahamu kwa jina la Azam Khan. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, na mama yake aliimba. Kaka yake, Alam Khan, alikuja kuwa mtunzi maarufu wa muziki wa filamu. Azam alipokuwa bado mtoto mdogo familia ilihamia Kamalapur, na mwaka 1968 kituo kikuu kipya cha reli cha Dhaka kilifunguliwa katika eneo hilohilo. Ishike hiyo reli, tutairudia.

Mwaka 1969 Pakistan ya Mashariki ililipuka kwa maandamano dhidi ya utawala wa Jenerali Ayub Khan. Azam, kijana wa miaka 19, alijiunga na kikundi cha wasanii kilichozunguka kikiimba nyimbo za kuupinga utawala huo. Kwa hiyo jukwaa lake la kwanza halikuwa ukumbi wa starehe. Alianzia barabarani, kwenye vumbi, pamoja na watu wenye hasira ya haki.

Sauti kutoka kwenye hema

Usiku wa tarehe 25 Machi 1971 jeshi la Pakistan lilianza kuishambulia Dhaka. Mabweni ya chuo kikuu, likiwemo Jagannath Hall, yalikuwa kati ya sehemu za kwanza kupigwa, na wanafunzi na walimu wakauawa palepale walipokuwa wakiishi. Katika miezi iliyofuata watu wapatao milioni 10 walikimbilia India.

Azam alikuwa na miaka 21. Kwa simulizi aliyoirudia mwenyewe mara nyingi, alimwendea baba yake kwa woga kumwambia kwamba anataka kwenda vitani. Alitarajia kukaripiwa. Baba akamwambia nenda, lakini usirudi bila uhuru. Akatembea kwa miguu na marafiki zake hadi Agartala, ng'ambo ya mpaka, kisha akapelekwa kambi ya mafunzo ya Melaghar, chini ya Sekta ya 2 iliyoongozwa na Khaled Mosharraf.

Hapa kuna ushahidi ninaoupenda kuliko mwingine wote. Jahanara Imam, mama wa mpiganaji kijana aitwaye Rumi, aliweka shajara ya miezi hiyo, na mwaka 1986 ikatoka kama kitabu kiitwacho Ekattorer Dinguli, yaani "Siku za 1971". Humo anaeleza jinsi mwanawe, alipopenya kurudi Dhaka mwezi Agosti, alivyomsimulia usiku mmoja wa Melaghar: giza, hema moja lina taa, na kutoka ndani yake inasikika sauti ya Azam Khan akiimba. Rumi alikuwa tayari amepata nafasi ya kusomea uhandisi Marekani, akaiacha. Mwishoni mwa mwezi huohuo wa Agosti alikamatwa na hakurudi tena nyumbani. Kumbukumbu ya wimbo ule imetufikia kupitia kijana aliyepotea na mama aliyeandika.

Mwezi huohuo, tarehe 1 Agosti, George Harrison na Ravi Shankar walifanya tamasha kubwa la kuichangia Bangladesh kule Madison Square Garden, New York. Vitabu vingi vya historia ya roki vinalitaja tamasha hilo, na ni haki yake, maana liliifanya dunia isikie jina la nchi ambayo ilikuwa bado inapigania kuzaliwa. Lakini mimi nilipoziweka tarehe hizi pamoja kwenye daftari langu nilisita. Wakati roki ya dunia inaimba kuhusu Bangladesh mbele ya maelfu, roki ya Bangladesh yenyewe ilikuwa ndani ya hema Melaghar, haina hata maikrofoni.

Azam hakubaki mwimbaji wa kambini tu. Alipigana Salda, upande wa Comilla, kisha akaongoza kikosi kidogo cha wapiganaji wa kuvizia ndani na kandokando ya Dhaka. Moja ya kazi zao, Operesheni Titas, ililenga kukata mabomba ya gesi yaliyohudumia jiji, zikiwemo hoteli kubwa kama Intercontinental, ili wageni kutoka nje wajue kwamba hali si shwari kama serikali ilivyodai. Katika operesheni hiyo aliumia sikio la kushoto, na usikivu wake haukurudi kuwa kama zamani. Muziki wote niliokuja kuusikiliza usiku ule hosteli ulitungwa na mtu mwenye sikio bovu la vita.

Tarehe 16 Desemba 1971 jeshi la Pakistan lilisalimu amri mjini Dhaka. Bangladesh ikawa huru.

Bendi iliyoitwa Matamshi

Uwasilishaji wangu wa semina ulikuwa umeishia hapo: vita vimekwisha, shujaa karudi, makofi. Kumbe ngoma ndiyo kwanza inaanza.

Azam hakuendelea na masomo baada ya vita. Aliunda bendi na marafiki, wakaipa jina Uccharon. Neno hilo la Kibengali maana yake ni matamshi. Fikiria vijana waliotoka vitani, katika nchi ambayo chimbuko lake ni ugomvi wa lugha, wanaiita bendi yao Matamshi. Mwaka 1972 walionekana kwenye televisheni ya taifa, na vijana wa Dhaka wakapagawa.

Kwa nini wapagawe? Hapa tuwe makini kidogo. Kabla ya hapo Dhaka ilikuwa na bendi chache za gitaa za umeme, lakini nyingi zilipiga hotelini na kuimba nyimbo za Kiingereza za watu wengine. Upande wa pili kulikuwa na hazina ya heshima ya Kibengali: nyimbo za Tagore na za Nazrul, zenye kanuni zake, zilizofundishwa kwa adabu kwenye familia za wasomi. Nyimbo za Tagore zilikuwa nazo na makovu ya mapambano, kwa sababu mwaka 1967 serikali ya Pakistan ilikuwa imezizuia redioni, na baada ya uhuru mmoja wake ndio ukawa wimbo wa taifa. Kwa hiyo kijana wa 1972 alikuwa na njia mbili: aige Kiingereza hotelini, au aimbe Kibengali safi huku ameketi kwa adabu.

Azam Khan akachukua njia ambayo haikuwepo. Gitaa la umeme na ngoma za roki, lakini Kibengali, tena kile cha mtaani. Alikuwa na nywele ndefu na ndevu, na sauti yake haikunyooshwa na mwalimu yeyote. Wimbo wake Alal o Dulal unahusu watoto wawili watundu na unataja Chankharpul, mtaa halisi wa Dhaka ya zamani. Ore Saleka Ore Maleka umejengwa juu ya majina mawili ya kike ya kawaida kabisa, ya aina unayoyasikia yakiitwa dirishani jioni. Yaani mtu wa uswahilini wa Dhaka aliwasha redio akasikia jina la jirani yake.

Wakubwa wengi hawakufurahi. Kuna neno la Kibengali walilolitumia kwa muziki wa namna hii, oposhongskriti, yaani utamaduni ulioharibika. Kwao, kijana aliyeipigania lugha hakupaswa kuiimba kwa kelele. Vijana nao walimpa jina lao: Guru, yaani mwalimu. Nadhani wakubwa walikosea kwa sababu waliitetea lugha kama kitu cha kabatini. Azam aliitumia. Lugha iliyopiganiwa na watu wote ilipaswa kuwa na nafasi ya kelele za watu wote.

Wimbo wa kando ya reli

Sasa turudi Kamalapur.

Mwaka 1974, miaka mitatu tu baada ya ushindi, Bangladesh ilikumbwa na njaa kali. Serikali ilitoa takwimu ya vifo karibu 27,000, ilhali makadirio ya watafiti yanakwenda kwenye mamia ya maelfu, na mengine yanavuka milioni. Kila mtu atakwambia chanzo kilikuwa mafuriko. Ni kweli mto Brahmaputra ulifurika vibaya mwaka huo. Lakini mchumi Amartya Sen, Mbengali mwenyewe, alichunguza hesabu hizo katika kitabu chake cha 1981, Poverty and Famines, akaonyesha jambo la kushtua: mwaka 1974 chakula kwa kila mtu nchini Bangladesh kilikuwa kingi kuliko miaka iliyokuwa jirani yake.

Sasa watu walikufaje? Vibarua wa mashambani walikosa kazi mashamba yalipofunikwa na maji, na papo hapo bei ya mchele ikapaa, hata kabla mavuno mabaya hayajafika sokoni. Mchele upo, fedha ya kuununua haipo. Juu ya hayo, Marekani ilisimamisha msaada wake wa chakula kwa sababu Bangladesh ilikuwa imeiuzia Kuba magunia ya juti. Maskini wa wilaya kama Rangpur waliyaacha makazi yao na kukimbilia mijini, na wengi wakaishia Dhaka, kwenye vibanda na kando ya barabara.

Katika mwaka huo na uliofuata, Azam Khan aliimba wimbo uitwao Bangladesh, ambao wengi wanaujua kwa maneno yake ya mwanzo, Rail Liner Oi Bostite, yaani "kwenye mabanda yale ya kando ya reli". Nimekwishakueleza unachosimulia. Sasa ona ulivyofanya kazi. Hauna hotuba. Haumtaji waziri wala chama. Hautaji hata neno njaa kama takwimu. Unamweka mtoto mmoja, mama mmoja na kibanda kimoja, kisha unaliita jina la nchi kama watu wanavyolia msibani. Msikilizaji anaachiwa kazi ya kuunganisha: hii ndiyo nchi tuliyoipigania, na huyu ndiye mama yake.

Hapo ndipo ninapoona ushujaa wake wa pili, na kwangu ndio mkubwa zaidi. Kumpinga adui aliyekuja na vifaru kunahitaji moyo, hakuna ubishi. Lakini baada ya ushindi hali inabadilika. Wenzako wako madarakani. Bendera ni yako. Ukisema kuna mtoto amekufa kando ya reli, utaambiwa unaichafua nchi changa, subiri kwanza. Azam alikuwa na kila sababu ya kukaa kimya na kuishi kwa sifa za vita. Aliamua kwamba kuipenda Bangladesh ni pamoja na kuililia.

Na aliweza kufanya hivyo kwa sababu ya lugha aliyoichagua. Angeuimba msiba ule kwa Kiingereza cha hotelini, mama wa kwenye kibanda asingejua kwamba analiliwa. Angeuimba kwa mtindo wa ukumbini, huenda usingetoka ukumbini.

Bei aliyolipa

Tusidanganyane kwamba mambo yalimnyookea. Kaseti yake ya kwanza, Ek Jug, ilitoka mwaka 1982, miaka 10 baada ya vijana kuanza kumwita Guru. Aliendelea kuishi Kamalapur maisha ya kawaida. Alifundisha watu kuogelea, na katika miaka ya 1990, akiwa na zaidi ya miaka 40, alikuwa bado anacheza kriketi na klabu ya mtaani, Gopibagh Friends. Vijana waliokuja baada yake, kama Ayub Bachchu na James, waliijaza viwanja roki ya Kibengali, na walimheshimu kama mtu aliyewafungulia mlango.

Mwaka 2010 aligundulika kuwa na saratani ya kinywa. Mwimbaji, saratani ya kinywa. Alipelekwa Singapore kwa matibabu, na tarehe 5 Juni 2011 akafariki katika hospitali ya jeshi mjini Dhaka, akiwa na miaka 61. Akazikwa Mirpur, katika makaburi ya wasomi mashahidi wa mwaka 1971.

Tuzo kubwa ya taifa ya Ekushey Padak, ambayo jina lake linatokana na ile tarehe 21 Februari, alipewa mwaka 2019, miaka minane baada ya kuzikwa. Tuzo ya Uhuru ikafuata mwaka 2025. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu mgema wao walisubiri afe ndipo wamsifu.

Turudi darasani

Wiki mbili baadaye nilimwomba mwalimu dakika kumi za kujirekebisha. Nilisoma kwanza maana ya maneno, kisha nikaupiga wimbo kwenye spika ndogo ya mwenzangu. Safari hii hakuna aliyecheka. Dada mmoja wa mwaka wa pili akasema kitu nilichokiandika pembeni mwa daftari: "Kwa hiyo tofauti ya sifa na kilio ilikuwa tafsiri tu." Nikamjibu hapana, tofauti ilikuwa mimi. Nilisikia jina la nchi likiimbwa kwa nguvu nikadhani lazima anasifiwa mtu.

Sisi wasomi tuna ugonjwa huo. Historia ya ukombozi tunaimeza hadi siku ya bendera kupanda, mtihani unaisha, tunafunga daftari. Mtu akianza kuuliza habari za walioachwa kando ya reli baada ya hapo, tunamwona msaliti au mkosa shukrani. Azam Khan anatufundisha kwamba mwenye haki ya kwanza ya kuuliza ni yule aliyepigana, na kwamba swali lenyewe ni sehemu ya kazi ileile.

Kwa makundi ya majadiliano, nawaachia maswali matatu:

1. Sen anaonyesha kwamba njaa inaweza kutokea wakati chakula kipo. Wimbo mmoja unaweza kueleza nini kuhusu njaa ya namna hiyo ambacho jedwali la takwimu haliwezi, na jedwali linaeleza nini ambacho wimbo hauwezi?

2. Wakubwa wa Dhaka waliona lugha ya mtaani juu ya gitaa ni uharibifu. Je, kuilinda lugha na kuiachia watu waitumie wapendavyo ni mambo yanayopingana?

3. Mtu aliyepigania nchi akaja kuililia hadharani, tumwite nani: mzalendo, mlalamikaji, au vyote viwili?

Na ukiupata wimbo wenyewe, usikilize mara mbili. Mara ya kwanza bila tafsiri, kama mimi nilivyofanya, ujipime. Mara ya pili ukishajua maana ya maneno. Jina la nchi litakuwa lilelile, ila utalisikia kwa sikio lingine.